Bu Yao Kwenye Theluji

Jamani, ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjanianza. Huku Guangzhou wageni kutoka Kariakoo huniita mwalimu, maana mimi ndiye ninayejua Kichina. Kichina chenyewe ni bei gani, punguza, na bu yao, yaani sitaki.

Januari hii niliwapeleka wageni wangu wawili, Mama Shamsa na Mwajuma, kaskazini, tukapande pikipiki za theluji hadi loji moja iliyo porini kabisa. Pale pa kuondokea, kijana akatuletea makoti manene.

"Bu yao!"

Akaleta glavu.

"Bu yao!"

Akaleta buti, sasa ananishangaa.

"Anasemaje?" Mama Shamsa akauliza.

"Anataka kutulangua. Nimemkomesha."

Tukaondoka na visweta vyetu vyembamba vya Guangyuan Xilu, soko la nguo za jumla kule Guangzhou. Tulipofika loji, Mwajuma alishushwa amekakamaa kwa baridi kama robota la jinzi. Mwenye loji akatutazama, akamsikiliza kijana aliyetuleta, akaongea Kichina kwenye simu yake ya kutafsiri, kisha akatuelekezea. Simu ikatamka kwa Kiswahili fasaha, watu wote wakisikia:

"Makoti yalikuwa ya bure. Kwa nini mliyakataa?"

Mama Shamsa akanigeukia, meno yakimgongana.

"Mwalimu," akasema, "mjibu basi. Kwa Kichina."