Majani ya Nyanya, Mizizi ya Jirani

Juzi mjukuu wangu alianza kukohoa, na harufu ya tangawizi ikatoka jikoni kwa binti yangu. Papo hapo nikajikuta tena mtaani Umoja, Nairobi, enzi zile nyumba zikiwa mpya na matope meusi yakikuvua kiatu. Sikusoma sana, rafiki yangu, kwa hiyo unisikilize hivyo hivyo, si kama daktari.

Kikohozi kilikuja na baridi ya Julai. Nyanya, aliyetoka Ukambani kuja kutulea, alichemsha majani ya mkaratusi kwenye jiko la makaa, akatufunika blanketi tujifukize. Sufuria aliishika mwenyewe, tusije tukaungua. Kisha tangawizi na limau. Alisema dawa hainywewi na mgonjwa peke yake: alianza yeye, akakunja uso, nasi wote tukafuata, hata wazima.

Jirani yetu, mama wa kutoka magharibi mwa Kenya, aliamini mizizi yake michungu. Alimtania nyanya kwamba hayo majani ni chai tu. Nyanya akamjibu kuwa mizizi ile ingemaliza kikohozi cha ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe.

Mwaka mmoja aliugua mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Asubuhi nyanya alimpa ya kwake. Jioni, nyanya akiwa sokoni, jirani akaja na kikombe. Mama hakuweza kukirudisha. Pale kwetu, kukataa kikombe cha jirani ni kumwambia humwamini. Nyanya naye hakuambiwa, ili asiudhike.

Kesho yake mtoto alitapika, akawa anahema upesi upesi. Nyanya alimbeba hadi mlangoni penye mwanga, akamfunua shati. Kila akivuta pumzi, ngozi ilibonyea chini ya mbavu. Mama akasema yote. Nyanya hakugombana. Alimwita jirani kupitia ua uliotutenganisha:

"Mama, hiki si kikohozi cha majani tena. Lete leso yako tumbebe."

Kliniki, sista aliuliza mtoto amenyweshwa nini. Nilingoja waanze kusukumiana lawama.

"Mimi nilimpa majani," nyanya akasema.

"Na mimi mizizi," jirani akasema. "Tena yangu ndiyo kali."

Sista alisema wamefanya vyema kutoficha, ila mtoto mdogo hivyo asipewe tena mizizi isiyopimwa. Ilikuwa nimonia. Akachomwa sindano, akalazwa, akapona. Leo ana watoto wake.

Je, ni mizizi iliyomtapisha, au ni ugonjwa wenyewe? Sijui, na sitaki kumwonea jirani yule, ambaye sasa ni marehemu. Na vile vikohozi vyetu vingine, labda vingeisha tu bila mkaratusi. Lakini koo lililainika, na usingizi ulikuja, hilo sitalikana.

Baada ya hapo hakuna aliyempa mtoto kitu bila kuuliza uani, "Mwenzangu, umempa nini leo?" Ua ule sasa ni ukuta wa ghorofa. Mikaratusi ilikatwa. Ninapoishi leo sijui hata jirani wa juu yangu anakohoa au la.

Nilimfunua mjukuu shati, nikamgeuza kwenye mwanga wa mlango. Mbavu zilikuwa zimetulia. Binti yangu alipoleta kikombe nikakipokea, nikanywa mimi kwanza, nikakunja uso. Mtoto akacheka, akanyoosha mkono apewe.