Mwosha Maiti wa Imbaba

Wanawake waliokuwa wameketi mlangoni siku ile wote wako hai, na kila mmoja aliona nilichokiona mimi. Ningekuwa peke yangu, ningenyamaza. Nayasema haya mapema kwa sababu nawajua watu wa kwetu: ukitaja jambo la namna hii, wanakuuliza ulikuwa umekunywa nini. Sikuwa nimekunywa hata chai. Ilikuwa mchana, nyumbani kwetu Kabuchai, jua limewaka juu ya miwa, na mama yangu alikuwa kitandani amefunikwa shuka mpaka usoni.

Lakini ili unielewe, lazima nikupeleke kwanza Misri.

Niliishi Kairo miaka kadhaa nikifanya kazi za nyumbani. Nilipanga chumba juu ya paa la nyumba ya mama mmoja mzee, Hajja Zeinab, mtaa wa Imbaba, kando ya mto Naili. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Mtu akifa mtaani, walikuja kumgongea, naye alivaa gauni lake jeusi, akakunja mikono mpaka kwenye viwiko, akatoka. Siku ambazo sikuwa na kazi nilimbebea ndoo. Mimi ni Mkristo na kuosha hakukuwa kwangu, kwa hiyo niliishia mlangoni. Ila nilimsikia. Alikuwa akiongea na maiti. "Sasa nakugeuza, binti yangu. Sasa namimina maji, usishtuke." Na maji yalikuwa lazima yawe vuguvugu. Ukimletea ya baridi alikurudisha nayo.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anaongea na mtu asiyesikia. Akaniambia kwamba watu wa kale wa nchi ile, wale wenye makaburi ya mawe, waliandika jina la marehemu kila pembe ya kaburi, maana waliamini mtu ambaye jina lake bado linatajwa hajaisha. Yeye ni Mwislamu, alisema, na dini ile ya kale haimhusu, lakini hilo moja bibi yake alilishika, na yeye analishika. Nami nikamwambia kwamba kwetu Bungoma wazee wanasimulia kuwa sisi Wabukusu tulitoka Misri. Alidhani namtania. Halafu akaushika mkono wangu, akautazama pande zote mbili, akasema, "Basi mlichukua njia ndefu kurudi."

Niliporudi Kenya nilianza kuuza viatu vya mitumba Kitale. Simu ikapotea, namba zikapotea nayo, na Hajja Zeinab akabaki kuwa mtu wa kukumbukwa tu. Ndivyo maisha yalivyo, si wewe unajua?

Asubuhi moja ndugu yangu Wanjala akanipigia. Mama alikuwa ameugua malaria wiki nzima, lakini tuliambiwa anapata nafuu.

"Dada, kuja nyumbani," akasema. "Mathe ametuacha."

Sikumbuki nilivyofunga kibanda. Nilipofika Kabuchai, Wanjala alikuwa barabarani anangoja gari la mochari kutoka Bungoma, lililokwama nyuma ya trekta la miwa. Wanawake walikuwa wameketi mlangoni. Senge, yaani shangazi yangu, dada ya baba, alinitia leso mkononi ya kumfunga mama kidevu, na beseni la maji.

"Mpanguze kabla gari halijafika," akasema. "Si wewe ndio ulikaa na waosha maiti huko kwa Waarabu?"

Niliingia peke yangu. Nikafunua shuka. Uso wa mama ulikuwa wa kijivu, midomo imekauka. Nilichovya kitambaa kwenye maji, lakini mkono ulikataa kwenda kwenye mwili wake. Nilisimama hivyo hivyo, maji yakinidondokea miguuni, na leso ya kidevu begani.

Ndipo mtu akaingia. Nilidhani ni Senge. Nikasikia Kiarabu, kile Kiarabu cha mtaani Kairo ambacho sikuwa nimekisikia tangu nirudi.

"Umeleta maji ya baridi," akasema.

Alikuwa Hajja Zeinab. Niamini. Gauni jeusi, mikono imekunjwa mpaka viwikoni, na kovu la moto kwenye kiganja cha kushoto, lile lile nililolizoea Imbaba. Hakunisalimia. Wala mimi sikuogopa wakati ule. Hofu ilikuja baadaye, na haijawahi kuniacha. Alinipita, akainama, akaweka mkono juu ya kifua cha mama. Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaurudisha mkono wake, akaufuta kwenye gauni ingawa ulikuwa mkavu.

"Huyu si wangu," akasema. "Mwite."

"Mayi," nikaita. Ndivyo tunavyowaita mama zetu.

"Hilo ni lako. Mwite kwa jina lake."

Kwetu mtoto hatamki jina la mamaye. Mimi sikuwa nimewahi kulitamka maishani, hata kwa siri. Lakini nikafungua kinywa nikasema, "Nekesa." Nikasema tena kwa nguvu. Huko mlangoni nilimsikia Senge akisema, "Ati huyu mtoto anafanya nini?" Sikugeuka. Niliita mpaka sauti ikanikwaruza koo.

Mama akatoa mlio kama wa mtu aliyekabwa na tonge. Kidole chake kikasogea juu ya shuka. Kisha kope zikatikisika.

Senge aliingia mbio na wenzake nyuma yake, mmoja akaanguka pale pale. Nilipomtafuta Hajja Zeinab, hakuwepo. Nyumba ile ina mlango mmoja. Wanawake walisema walimwona mama wa Kiarabu mwenye gauni jeusi akiingia, wakadhani ni rafiki yangu nimekuja naye. Wakampisha. Hakuna aliyemwona akitoka.

Tulimpeleka mama hospitalini kwa gari lile lile lililokuja kuchukua maiti. Daktari alitueleza kwamba mwili unaweza kushuka chini sana mpaka mapigo yasisikike kwa mkono, na watu wakakosea. Sibishani naye. Mama alitibiwa, akapona, akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Nilipotulia nilimtafuta Mkenya mmoja aliye Kairo, akaenda Imbaba, akanipatia namba ya Samia, mkaza mwana wa Hajja, aliyenijua tangu nilipopanga pale. Samia akaniambia mama mkwe wake alifariki kabla ya Ramadhani, muda mrefu kabla ya yale ya Kabuchai. Nilimpa pole. Nikauliza ni nani aliyemwosha.

Akasema, "Mbona unaniuliza? Ni wewe uliyekuja."

Alinisimulia. Kwamba niliingia bila kubisha, mikono imekunjwa, nikaomba maji ya vuguvugu. Kwamba niliinama nikamwita, "Zeinab, Zeinab," nikasikiliza kwa muda mrefu. Kisha nikaanza kumwosha. "Ulimwosha vizuri," Samia akasema. "Mungu akulipe."

Mimi nilikuwa Kitale nauza viatu. Pasipoti yangu ilikuwa imeisha muda wake. Ulitaka nimjibu nini? Nilisema amina, nikakata simu.

Mama anaishi nami sasa. Kule Kabuchai watu waliacha kumshika mkono. Kanisani benchi alilokalia lilibaki tupu, na Senge alikuwa akimsalimu kutoka ng'ambo ya ua. Hajaniambia alikuwa wapi, nami siulizi. Ila nikimwita Mayi hasikii. Naweza kusimama mbele yake nikaita, akaendelea kuchambua maharagwe. Nikisema Nekesa, anainua kichwa papo hapo. Majirani hapa Kitale wanadhani sina adabu.

Sasa wewe, ukimkuta mtu wako amelala na watu wanatafuta shuka, usiwe na haraka. Mwite. Mwite kwa jina lake hasa, hata kama ni mwiko kwenu. Na mgeni akiingia amekunja mikono, usimuulize ametoka wapi, mpishe tu, umtazame mikono. Akiifuta bila kufanya lolote, endelea kuita. Akianza kumimina maji, nyamaza.