Ukigusa, Umecheza

Nje ya bucha moja pale Soko la Burma palikuwa na benchi refu, na katikati ya benchi ubao wa drafti uliochorwa kwa rangi ya mlango. Kete zilikuwa vizibo vya soda. Upande mmoja vizibo vililala meno chini, upande wa pili vikalala meno juu, na kingi alikuwa vizibo viwili vilivyopandana. Jumamosi mchana wanaume waliongoja nyama yao iive walikaa hapo, na harufu ya mafuta yanayodondokea makaa ilikuwa sehemu ya mchezo.

Sheria za benchi zilijulikana na kila mtu. Kula ni lazima, hata ukiuona mtego umekaa pale unakuchekea. Aliyeshindwa anampisha mwenzake. Na ile kubwa kuliko zote: ukigusa, umecheza. Kidole kikishatua juu ya kizibo, hakuna kusema nilikuwa nawaza tu.

Baba yangu alikuwa mchezaji wa benchi hilo tangu sijajua kusoma. Kazi yake ilikuwa kuchonga swala na twiga wa mbao kwa ajili ya maduka ya watalii. Mama alikuwa Ukambani na wadogo zangu, akilima. Mjini tulikuwa wawili, mimi na baba, chumba kimoja chenye pazia katikati. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na hapo ndipo masomo yalipokomea, nikapata kazi ya kushona sare za shule kwa fundi mmoja Eastleigh. Sikulalamika. Nilikuwa naota cherehani yangu mwenyewe, na dirisha la kioo, na ndani yake sanamu ya mwanamke aliyevaa gauni nililolishona mimi. Baba alikuwa akiniuliza, "Mama, ile sanamu yako leo imevaa nini?" Aliniita mama kwa sababu nimeitwa kwa jina la mama yake. Nami nilimpa jibu jipya kila siku.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu.

Kuchonga hakukumpa shida sana, maana vidole vyake vilimjua swala kuliko macho. Shida ilikuwa benchi. Rangi ya vizibo ilikuwa imebanduka, vyote vikawa vyeupe-vyeupe, na kwa mbali meno chini na meno juu vikamfanania. Jumamosi moja akanyoosha mkono apapase kizibo ajue ni cha nani. Aliyekuwa amekaa mbele yake ni kijana fundi wa magari, mwenye ovaroli iliyosimama yenyewe kwa girisi, na mdomo usiopumzika.

"Umegusa, mzee! Cheza!"

"Nilikuwa naangalia tu."

"Unaangalia na vidole? Macho umeacha nyumbani na bibi?"

Benchi zima likaangua kicheko. Baba akaicheza ile kete, nayo ikaliwa, na mbili nyuma yake zikaliwa pia. Akainuka, akavaa koti, akaniambia mimi niliyekuwa nangoja nyama pembeni, twende.

Tangu siku hiyo Jumamosi zake zikajaa kazi. Swala wana haraka, alisema, duka linawangoja. Nilimwona amekaa na mbao mapajani wala hachongi, ameelekeza uso dirishani kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hakutaka mtu yeyote nje ya chumba chetu ajue habari ya macho. Na mimi niliogopa kitu kimoja tu: kwamba ameaga benchi, na baada ya benchi ataaga barabara, kisha mlango, hadi mji wake wote uwe kitanda na kiti.

Sasa, mwenye bucha alikuwa na mtindo wake. Alipoona wateja wanachoka kungoja, alifuta ubao, akapanga kete chache na kutangaza, "Swali!" Alisema upande gani unaanza na kwamba unashinda, basi. Kazi ikawa kuutafuta mwendo. Mwenye jibu alipewa bakuli la supu la bure, lakini watu hawakugombania supu, waligombania kusifiwa. Swali likikosa jibu, lilirudi Jumamosi iliyofuata.

Jumamosi moja nilikwenda kununua nusu kilo ya matumbo nikalikuta swali limepangwa, wanaume wamelizunguka wamenuna. Nikasimama pembeni na kiondo changu.

"Msichana, unataka matumbo ama kingi?" mwenye bucha akauliza.

"Matumbo," nikasema. Lakini macho yangu yalikuwa yanapiga picha. Meno chini walianza. Walibaki na kete tano, wapinzani sita, na mmoja wa hao sita alikuwa kingi aliyejinyoosha kwenye ile njia ndefu inayokata ubao kona hadi kona. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nikilirudia lile swali kimoyomoyo kama aya ya Jumapili.

Karakana ya sare haikosi vipande. Nilikuwa na masalio ya shati jeupe na masalio ya gauni la buluu, nikayakata miraba, nikaiunganisha mmoja mmoja hadi ubao mzima ukatimia, laini kama kitambaa cha meza. Uzuri wake ni kwamba kila mraba ulikuwa na mshono pembezoni, na mshono unasikika kidoleni. Kwa kete nikatumia vifungo: vidogo vya shati kwa upande wetu, vikubwa vya koti kwa wapinzani, na kingi wao vifungo viwili nilivyovishona pamoja. Nikaupanga mezani.

"Baba, kuna swali limewashinda Burma."

"Mimi hayo niliacha."

"Sikuambii ucheze. Nakuambia limewashinda."

Nikaenda zangu bombani kuchota maji, na foleni ya bomba letu mnaijua, si ya kurudi upesi. Niliporudi alikuwa ameinamia meza, vidole vikitembea juu ya miraba polepole, vinapanda mshono, vinashuka, vinasimama kwenye kifungo na kukizunguka. Hakuna aliyempigia kelele kwamba amegusa. Nikaweka ndoo chini bila kuigonga.

Juma zima tuliishi na lile swali. Nikishona kola nilikuwa naona kingi. Nikajichoma sindano kidoleni mara mbili, mwenye karakana akaniuliza kama nimepata mchumba.

Siku moja nikarudi nyumbani nakimbia. "Baba, nimeliona! Tunatoa hii ya katikati. Kingi wao lazima aile. Akiila, anatua hapa mdomoni mwetu, tunamla yeye na huyu wa nyuma yake. Kwisha!"

Akapapasa, akafuata njia. Uso ukamng'aa, kisha ukazimika kidogo.

"Mama, na hii ya kulia?"

"Imefanya nini?"

"Nayo iko wazi. Kula ni lazima, lakini kuchagua ni kwake. Akiona mtego ataila hii ya kulia, aende zake. Sisi tumebaki tunashika mkia."

Nikaangalia. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeona kile nilichotaka kuona. Nikakasirika, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Asubuhi yake tulikuwa tunakunywa chai kabla ya kazi. Baba ana kikombe mkono huu, mkono mwingine uko juu ya kitambaa. Kidole chake kikasimama juu ya mraba mtupu, kikakaa.

"Hapa," akasema. "Hapa pangekuwa na mtu wao amesimama, kingi asingepata njia ya kulia."

"Lakini hapana mtu."

"Hapana."

"Na hawawezi kumweka. Wana wazimu?"

"Labda wakosee."

Nikasema tu bila kufikiri, "Si tuwalazimishe? Si kula ni lazima?"

Baba akaweka kikombe chini. Kisha mkono wake ukaenda pembeni, kwenye ile kete yetu ya ukingoni ambayo juma zima hatukuijali, maskini ya Mungu, imekaa huko kama mgeni asiyekaribishwa. Akaisukuma mbele mraba mmoja, midomoni mwa askari wao, kete ya kawaida isiyo kingi. Mimi nikacheza upande wa pili: askari akala, akaruka, akatua pale pale palipokuwa patupu. Akaziba njia ya kingi wake mwenyewe!

"Sasa ya katikati!" nikapiga kelele.

Akaitoa. Kingi akabaki na njia moja tu ya kula. Akala, akatua. Vidole vya baba vikachukua kifungo kidogo cha shati, vikamruka kingi, vikamruka wa nyuma yake, na kugota ukingo wa juu wa kitambaa. Waliobaki hawakuwa na pa kwenda.

Jamani, sijui niseme nini. Nilicheka hadi chai ikamwagika kwenye sare yangu. Baba naye alicheka kile kicheko chake cha puani, akaupanga ubao upya akacheza tena, na tena, kama mtu anayeonja mboga aliyoipika mwenyewe.

"Jumamosi tutawaambia," nikasema.

Kicheko kikakatika. "Utawaambia wewe."

"Mimi niliona nusu. Nusu si jibu."

"Basi libaki hapa hapa."

Sikubishana. Jumamosi nilipiga koti lake brashi, nikalitundika kitini, nikafunga kitambaa cha kichwa, nikasimama mlangoni. Nilisimama sana. Mwishowe nikasikia koti linavaliwa.

Tulikuwa na namna yetu ya kutembea. Alishika mkono mmoja wa kiondo, mimi nikashika wa pili, kana kwamba tumebeba mzigo mzito. Kiondo kilikuwa kitupu. Mtu akituona anasema, tazama baba anavyomsaidia binti yake. Ndivyo tulivyovuka barabara na kupita mafundi wa viatu hadi bucha.

Swali lilikuwa pale pale. Yule fundi wa magari alikuwa mbele, akiwaeleza wenzake kwa nini halina jibu.

"Lina jibu," baba akasema. Alitia mikono yote mifukoni. "Pale ukingoni, kushoto. Mpe askari."

"Umpe bure?"

"Mpe."

Mwenye bucha akafuta mikono kwenye aproni, akasogeza kete mwenyewe. Baba akatamka mwendo mmoja baada ya mwingine, akitazama juu ya vichwa vyao, mikono mifukoni. Kizibo cha mwisho kilipofika juu, mtu mmoja akapiga mluzi. Yule fundi akakuna kichwa, girisi ikaingia nyweleni.

"Mzee, wewe ni mchawi," akasema. "Bila hata kuangalia! Kaa hapa. Leo mimi na wewe."

Akaanza kupanga vizibo upya. Ule ubao tulikuwa tumeukariri, lakini mchezo mpya haukaririki. Nikamwona baba ameshika ukingo wa benchi, hakai, haondoki. Nilitaka kusema nyama ishaiva, twende. Nikauma ulimi.

"Nikicheza lazima niguse," baba akasema. "Macho yangu yamekwenda. Hata wewe sikuoni, nakusikia tu."

Yule kijana akawa anazungusha kizibo vidoleni. Nadhani alikuwa anaikumbuka ile Jumamosi, maana masikio yake yalibadilika rangi.

"Kunisikia tu ndiyo mbaya," akasema taratibu. "Mimi sura ndiyo nzuri." Kisha akamshika baba mkono, akauweka juu ya ubao. "Gusa, mzee. Gusa zote. Ukiinua ndiyo umecheza."

"Na mimi je?" mwingine akauliza.

"Wewe una macho. Ukigusa, umecheza."

Nikaenda kupanga foleni ya matumbo. Nyuma yangu nikasikia vizibo vikigonga mbao, na baba akilalamika kwamba ameibiwa, na watu wakimwambia hajaibiwa, ameliwa. Alishindwa, akapisha, zamu ikamrudia, akashindwa mara ya pili. Akataka ya tatu, akashindwa tena, na supu yake ikapoa bila kuguswa.

Tulipoondoka nilimnyooshea mkono mmoja wa kiondo kama kawaida. Hakuushika. Aliweka kiganja chake begani mwangu, mchana kweupe, watu wote wa Burma wakiona, akasema, "Haya, mama, niongoze. Na hiyo sanamu yako leo imevaa nini?"