Sikuchagua Kati ya Mapafu na Magari

Mimi ni Riziki, wa siniya ya tatu, yaani kidato cha tatu, mkazi wa mtaa wa Kansanga. Mwalimu wetu wa dini ameniomba niandike jinsi nilivyopona ili wagonjwa wengine wapate moyo. Amesema niandike kwa heshima. Nitajitahidi mpaka mwisho wa aya hii.

Kabla ya kuugua nilikuwa na afya ya punda na kelele za punda. Kazi yangu, ukiacha kutolewa nje ya darasa, ilikuwa kutengeneza magari madogo. Si yale ya waya ambayo kila mtoto anayasukuma. Mimi natengeneza hotirodi: gari la kizamani lililokatwa paa na kushushwa chini, magurudumu ya nyuma mapana kuliko ya mbele, injini iko nje kama mtu aliyesahau kufunga zipu. Bodi naikata kwenye jerikeni. Bomba za moshi ni mirija ya kalamu. Magurudumu nayachonga kwenye soli za ndala. Ndala za nani, usiulize. Natengeneza na boti za mwendo kasi, zenye mota nilizotoa kwenye redio za kaseti zilizokufa, nazijaribu kwenye beseni la Mama la kufulia.

Mjomba Bosco, mdogo wake Mama, anapaka rangi magari ya kweli kwenye gereji. Alikuwa ananipa mabaki. Rangi ile huchanganywa na dawa ya kuikausha, na ikikauka inang'aa mpaka unahesabu meno yako ndani yake. Mjomba akifanya kazi anavaa barakoa nene yenye vichujio viwili mashavuni. Nilikuwa namwita nguruwe wa anga.

“Cheka tu,” aliniambia. “Lakini wewe upake nje, umesikia?”

Nilisikia. Sasa nieleze kwa nini sikutii, maana si utundu peke yake. Adui wa mtu anayepaka rangi ni vumbi. Punje moja ikitua kwenye rangi mbichi, kazi ya wiki tatu inaota chunusi, na vumbi la mtaa wetu haliombi ruhusa. Kwa hiyo nilifunga dirisha. Nikaziba chini ya mlango kwa taulo lililolowa. Nikawasha kompresa niliyoichomoa kwenye friji bovu, nikapuliza rangi ya buluu ndani ya chumba kinachotoshana na kabati. Vumbi halikuingia. Hata hewa haikuingia.

Nilikuwa napaka Jumamosi. Jumapili jioni kikohozi kinaanza, kikavu, kama mtu anakwaruza sufuria. Jumatatu kifua kinabana. Ikifika Alhamisi nimepona, narukaruka. Mama akapata jibu lake.

“Hicho ni kikohozi cha Jumatatu,” alisema. “Dawa yake ni fimbo.”

Kiliniganda muhula mzima. Nilimeza dawa za malaria. Nilikunywa tangawizi mpaka jasho langu likanukia chai. Jirani akasema ni kifua kikuu, nikatema makohozi kwenye kikopo, majibu yakarudi safi. Huku kifua kinapiga filimbi. Rafiki yangu Nalubega, tunayekaa dawati moja, aliniuliza, “Umeficha paka kwenye sweta?” Nilicheka, halafu kicheko kikageuka kikohozi, halafu nikatapika kwenye begi lake. Bado ni rafiki yangu.

Kisha ikaja Jumatatu yenyewe. Siku mbili zilizotangulia nilikuwa nimepaka boti nzima na magari mawili. Katikati ya somo la hisabati hewa ikakataa kuingia. Hapana, iliingia, ilikataa kutoka. Unavuta, unavuta, kifua kimejaa kama mpira na bado unakufa kwa kiu ya hewa. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani. Shingo ilikuwa na kamba kila upande. Nilisimama, nikashika dawati, nikaanguka.

Mwalimu hakugeuza hata kichwa. Muhula ule nilikuwa nimeshazimia mara mbili kwenye somo lake, zote za uongo.

“Riziki, sinema imekwisha. Keti.”

“Mwalimu, mtazame midomo!” Nalubega alipiga kelele. “Imekuwa ya buluu!”

“Si amejipaka ile rangi yake?” mmoja akasema, darasa likacheka.

Nalubega akanisugua mdomo kwa kidole gumba. Rangi haikutoka.

Mwalimu alinibeba mwenyewe mpaka kwenye gari lake. Nilijikojolea kwenye kiti chake. Naomba radhi hapa mbele ya watu wote, ingawa anafundisha hisabati.

Hospitali waliniwekea oksijeni, wakanichoma sindano, wakanivutisha dawa ya mvuke. Hewa ilirudi kwa vipande vidogo vidogo. Nilipoweza kusema maneno matatu mfululizo, daktari, mama mmoja mwembamba mwenye miwani, akashika kidole changu.

“Hii buluu kwenye kucha ni nini?”

“Ya gari, daktari.”

“Unapaka magari?”

“Madogo. Chumbani.”

“Na dirisha?”

“Nafunga. Vumbi.”

Alivua miwani. Akatueleza, mimi na Mama aliyekuwa ameshafika, kwamba dawa ya kukausha rangi ile imeyafundisha mapafu yangu pumu, na kwamba mapafu yakishaichukia hayasahau. Hata kiasi kidogo kinatosha kuyafunga. “Rangi hiyo huigusi tena maisha yako yote. Hata kuinusa.”

Mama aliondoka bila kuaga. Alirudi na gunia. Ndani mlikuwa na magari yangu yote na boti zote, yamegongana kama ajali ya barabarani.

“Yanakwenda jalalani leo,” alisema. “Uyaage.”

“Mama, daktari amekataza rangi. Hajakataza magari.”

“Nyamaza! Nilikutoa Bukavu mgongoni, milio ya risasi nyuma yetu. Sikukutoa kule uje ufie kigari cha jerikeni.”

Nilitoa barakoa ya oksijeni nikamwambia, “Ugonjwa umeshachukua pumzi yangu. Ukiupa na mikono yangu, mimi nitabaki na nini?”

“Rudisha hiyo usoni kwanza,” alisema. Lakini hakuliachia gunia.

Hapo daktari akarudi pamoja na nesi aliyeshika inhela yangu, kile kichupa cha dawa ya pumu ya kuvuta. Ukivuta inhela peke yake dawa nyingi inaishia kooni, kwa hiyo wanatoboa kitako cha chupa ya maji, inhela inaingia kule, wewe unavuta kwenye mdomo wa chupa. Nesi alitoboa kwa mkasi. Tundu likawa pana, dawa ikavujia pembeni.

“Musawo, umeharibu,” nilimwambia, maana ndivyo tunavyowaita waganga wa hospitali huku.

“Riziki!” Mama akasema.

“Imevuja! Nipeni chupa nyingine, na waya uliopashwa moto.”

Nesi alitazamana na daktari. Daktari akasema, “Mpe, lakini waya upashwe nje na chupa itobolewe nje.” Waliniweka kwenye kiti cha magurudumu mpaka uani. Nilichora umbo la inhela kwenye kitako, nikafuata mstari kwa waya, uso nimeugeuza upande upepo unakotoka. Inhela iliingia ikabana kama kifuniko. Nilivuta. Haikuvuja hata tone.

Daktari aliizungusha mkononi. “Wodini nina watoto watano wenye pumu. Watengenezee.”

Nilimtazama Mama. Alikuwa amekalia gunia. Alinyanyuka, akafungua mdomo wa gunia, akanipa kikisu changu kidogo cha kukatia jerikeni. “Kata vizuri,” alisema. “Ni watoto wa watu.”

Sasa niungame. Baada ya kutoka hospitali nilijiona bingwa, nikapita gereji kwa Mjomba kuchungulia tu. Dakika kumi. Siku ile ile nikarudi kwenye oksijeni. Mjomba alilia mbele yangu, mtu mzima, na tangu siku hiyo anaoga na kubadilisha nguo gereji kabla ya kukanyaga kwetu. Kwa hiyo ukaidi wa kupimana nguvu na rangi, acheni. Nimeshaujaribu kwa niaba yenu.

Ukaidi ninaouhubiri ni mwingine. Navuta inhela asubuhi na jioni hata nikijisikia mzima, kisha nasukutua mdomo. Napaka kwa brashi na rangi ya maji, barazani. Chupa yangu ya kuvutia dawa nimeibandikia bomba sita za moshi na miali ya moto ubavuni. Nikiitoa darasani, wanaonicheka wanaishia kuomba kuishika.

Wewe ambaye kifua chako kinapiga filimbi, ukienda kwa daktari usimwambie unaumwa wapi tu. Mwambie mikono yako inafanya kazi gani, na ndani ya chumba gani. Namshukuru Mungu, daktari, mwalimu wa hisabati, na Nalubega na kidole gumba chake. Namshukuru Mama kuliko wote. Jumamosi anakaa nami barazani, inhela iko kwenye mfuko wa aproni, na anasema boti zangu zimeinamia kushoto.

Zimeinama, kweli. Lakini zinakwenda, na mimi ndiye ninayeziendesha. Pumu, kama unasoma hapa: chumba nimekuachia. Baraza hulipati.