Mashuka Yaliyonuka Tairi

Saa mbili asubuhi, Mama Pacha anafungua mlango wa nyuma wa gari lake, anachomoa shuka jeupe kutoka kwenye furushi na kulinusa. Analinusa pembeni, analinusa katikati, kisha anafumba macho na kulinusa tena kama mtu anayeonja mchuzi.

"Sabuni," anasema. "Sabuni tupu. Leo hakuna mpira."

Anarudisha shuka mahali pake na kuufunga mlango kwa kuusukuma na nyonga, maana kitasa kilikwisha kufa siku nyingi.

Mama Pacha ni dobi. Ana miaka hamsini na minane, na ngozi ya mikono yake imekunjamana kuliko ya uso. Kwa muda mrefu amekuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba tatu za wageni: mbili za hapa mjini, na moja iliyo juu kilimani, ambayo peke yake ilikuwa ikimpa nusu ya kazi yake yote. Neno "ilikuwa" limewekwa hapa kwa makusudi, na sababu yake itaonekana.

Nusu ya anachopata kwa wiki hugeuka sabuni, mkaa wa pasi na mafuta ya gari. Kinachobaki hugawanywa kati ya chakula na dawa za mumewe.

Gari lenyewe ni stesheni wagoni kuukuu, refu upande wa nyuma, lenye rangi ya maziwa yaliyolala. Lilinunuliwa wakati mabinti zao pacha hawajaota meno. Leo pacha hao ni wanawake wenye nyumba zao.

"Wenzangu wana picha za watoto ukutani," anasema Mama Pacha. "Mimi nina alama za meno yao kwenye kiti cha nyuma."

Aliyekuwa akiliendesha ni mumewe, Baba Pacha. Alikuwa dereva wa basi la abiria hadi alipostaafu, na mtaa mzima unamwita Dereva hadi leo, ingawa ni miaka miwili sasa hajagusa usukani. Kisukari kilianza kumla macho polepole, naye akaficha. Njia aliijua kwa moyo, akawa anaendesha kwa kukumbuka.

Kilichomuumbua ni benchi. Jirani alilisogeza benchi lake kidogo kufuata kivuli, na Baba Pacha, akirudi nyumbani mchana kweupe, akalipanda na kulivunja vipande. Mwanamke aliyekuwa amelikalia akimnyonyesha mwanawe alikuwa ameinuka punde tu kwenda kutazama chungu chake jikoni.

Mama Pacha alitoka mbio, mikono imejaa povu. Watu walikwisha kujaa. Akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo na kusema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Macho huna, gari la nini?"

"Kumnyang'anya ufunguo, nilifanya sawa," anasema leo. "Hata sasa ningemnyang'anya. Lakini yale maneno, tena mbele za watu! Mimi ni dobi. Damu naitoa, wino nautoa, kutu naitoa. Yale maneno hayatoki."

Baba Pacha aliuachia usukani. Alishuka, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakupanda tena gari lile. Kliniki alikwenda kwa miguu, au kwa gari la kukodi miguu ilipogoma. Mkewe, aliyekuwa na leseni iliyolala sandukuni, akashika usukani. Habari za gari zikawa mwiko nyumbani. Mke akisema linakohoa, mume huongeza sauti ya redio.

Ndiyo maana matairi yalipokwisha, alikwenda kuyanunua peke yake.

Muuza matairi wa mtaani kwao anaitwa Kipara, na jina hilo halimsumbui. "Kipara hapa ni mimi tu," huwaambia wateja wake. "Matairi yangu yote yana nywele."

Alianza kwa kumwonyesha matairi ya matope, yenye meno makubwa. "Haya, mama, hata ukipita shambani hukwami."

"Na kwenye lami?"

"Kwenye lami yanaimba kidogo."

"Yanaimba au yanapiga kelele? Wateja wangu wanauza usingizi, baba. Siwezi kuwafikia na ngoma."

Akamwonyesha ya lami, laini na ya bei nafuu. Lakini barabara ya kilimani ni ya udongo, na mvua zilikuwa zinakaribia. Mwisho wakafika kwenye matairi ya misimu yote: mistari mirefu ya kutoa maji, meno ya kiasi ya kushika udongo, na bei ya katikati. Mama Pacha akasema haya ndiyo yake.

"Saizi?" Kipara akauliza.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyejua kwamba yameharibika. Kiwanda hubandika saizi ya matairi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ya gari hili ilifunikwa siku lilipopakwa rangi upya. Wakafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: wakainama na kunakili namba kutoka kwenye tairi lililokuwa likivuliwa.

Namba hizo ni tatu, na msomaji mwenye gari anaweza kutoka nje akalitazama lake. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, kikipimwa kama asilimia ya ule upana. Ya tatu ni ukubwa wa ringi kwa inchi. Mama Pacha alilipia matairi manne kwa akiba ya miezi mingi, na gari likatoka pale limesimama wima kama limepandishwa cheo.

Lilipobeba mashuka, likashuka. Kwenye kona ya kwanza ya kilimani alisikia "kwaruu" upande wa nyuma, akadhani ni jiwe. Kona ya pili, tena. Alipofungua mlango kule juu, harufu ya mpira ulioungua ilimtangulia.

Msimamizi wa nyumba ya wageni, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, alinusa foronya moja na kuirudisha. "Mama yangu, hawa wageni wangu walale gereji?"

Alimsamehe mara ya kwanza, na ya pili. Mara ya tatu mzigo mzima ukarudi ulivyokwenda.

Kumbe nyumbani kulikuwa na mtu aliyejua. "Nililisikia siku ileile," anasema Baba Pacha, ambaye hushinda kwenye kiti mlangoni, redio mapajani. "Liliingia uani limebeba. Matairi ya nyuma yanasugua madigadi, kushoto kuliko kulia."

Kwa nini hakusema? Anazungusha kitufe cha redio, anakirudisha kilipokuwa.

"Sikuulizwa."

"Na mimi sikuuliza," mkewe anadakia kutoka bombani. "Tumelala kitanda kimoja, tunakula sahani moja, na hilo moja tu likatushinda."

Siku mzigo uliporudishwa, Mama Pacha aliingia ndani na furushi, akakaa chini kando ya kiti cha mumewe na kumwekea shuka usoni.

"Nusa."

"Mpira," akasema mume.

"Nifanye nini, Baba Pacha?"

Redio ikazimwa. Ndipo alipomweleza jambo ambalo gari lilikuwa limelibeba miaka yote. Pacha walipokuwa wadogo, njia ya kwenda kwa mama yake Mama Pacha ilikuwa na mawe yaliyokuwa yakiligonga gari tumboni. Baba Pacha aliliinua. Aliweka matairi makubwa kuliko yake ya kiwandani, na juu ya springi akapachika vipande vya mpira mgumu ili lipate nafasi.

"Hukuniambia," mke akasema.

"Ulikuwa na watoto wawili titini. Nikuambie habari za springi? Wewe ulitaka kufika kwa mama yako, nikakufikisha. Vile vipande vipo?"

Mama Pacha akakumbuka. Mwaka uliotangulia, fundi alipobadilisha springi, alimwonyesha vipande vya mpira vilivyopasuka na kumwambia ni takataka. "Nikamwambia atupe."

Baba Pacha aliishusha redio sakafuni. "Basi gari limeshuka, matairi yamebaki makubwa. Ya zamani yalikwisha kulika, ndiyo maana yalipita. Haya mapya yana nyama."

Kesho yake walikwenda kwa Kipara. Gari lilitangulia, mke alilipeleka, akarudi kumchukua mumewe kwa miguu. Mume alimfuata ameshika mkanda wa mkoba wa mkewe.

"Shikamoo, Dereva! Umetutupa."

"Marahaba. Leta mia moja themanini na tano, sabini, kumi na nne. Hayo ndiyo lilizaliwa nayo."

Aliketi juu ya tairi la lori, Kipara akamwekea tairi la misimu yote miguuni. Namba za tairi zimeinuka juu ya mpira, na enzi za basi, gereji yao ilipokuwa haina taa, Baba Pacha alikuwa akizisoma kwa vidole. Vidole vikaanza kutembea ubavuni. "Moja. Nane. Tano. Ndilo." Kipara akapiga makofi.

Kisha vidole vikatafuta namba nyingine, ile ndogo ya tarakimu nne, inayotaja wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Vikapita juu yake. Vikarudi, vikapita tena.

"Hapa pako laini," akasema. "Hili halina tarehe."

Tarehe ilikuwepo, chini ya kidole chake. Kipara alifungua mdomo, Mama Pacha akamkanyaga mguu. Lakini mtu aliyeendesha abiria miaka mingi huhisi gari zima likinyamaza.

"Ipo?" akauliza.

"Ipo, Baba Pacha."

Kisukari kile kile kilichokula macho kilikuwa kimefika kwenye ncha za vidole. Baba Pacha alijipangusa mikono kwenye suruali taratibu, kama aliyemaliza kula. "Mwaka juzi ningeisoma," akasema.

Hilo ndilo linalomuuma Mama Pacha kuliko mashuka. "Miaka miwili alikaa pale mlangoni na vidole vizima," anasema huku akikunja shuka ambalo lilikwisha kukunjwa. "Vinazungusha kitufe cha redio. Mimi najifanya mjuzi, yeye anajifanya hasikii. Nilipovitaka, vimekwisha."

Wakati ule, pale kwa Kipara, Baba Pacha alilisukuma tairi upande wa mkewe na kusema neno moja: "Nisomee."

Akamsomea. Tairi lile lilikuwa na miaka saba, ingawa liling'aa kama kiatu cha bwana harusi.

"Umelipaka dawa, Kipara."

"Si mimi, Dereva, wallahi! Yamekuja hivyo kutoka kwa muuzaji wa jumla."

"Mpira wake umekauka. Leta mengine."

Mke akasoma, mume akabonyeza kwa ukucha kupima ulaini, mpaka wakapata manne ya mwaka jana, ya kampuni isiyo na jina kubwa na kwa hiyo nafuu. Kipara aliyapokea tena yale makubwa kwa hasara kidogo, na hasara hiyo Mama Pacha anaifidia kwa kumfulia ovaroli zake hadi mvua ziishe.

"Umeshawahi kuona ovaroli ya fundi wa matairi?" anauliza. "Ile si nguo. Ile ni barabara."

Gari halisugui tena. Lakini msimamizi wa kilimani alikuwa amekwisha kumpa dobi mwingine kazi, na neno lake hawezi kulivunja. Mama Pacha amebakiziwa mashuka ya vyumba vinne, kwa majaribio. Yakipokewa vizuri msimu wote wa mvua, watazungumza. Mzigo wa kwanza ndio huu anaounusa asubuhi hii.

Kabla hajaondoka, Baba Pacha anainuka kitini. Anafuata ubavu wa gari kwa kiganja mpaka gurudumu la nyuma, anaingiza mkono kati ya tairi na madigadi.

"Vidole vitatu," anasema. "Panatosha."

Mkewe anazunguka na kumfungulia mlango wa mbele. Anaupangusa mto wa kiti kwa kanga. "Twende basi, ukalisikilize kwenye kona."

Mume anasimama, mkono juu ya paa la gari. Kwa muda inaonekana kama ataingia.

"Leo una mzigo," anasema mwishowe, na kurudi kwenye kiti chake. Redio haiwashi.

Mama Pacha anaufunga mlango wa mbele. Anarudi kwenye mafurushi ya nyumba za mjini, ambayo nayo lazima yafike leo. Anayapanga nyuma, anayakandamiza kwa goti, lakini moja linakataa kuingia. Kwa miaka miwili furushi la mwisho lilikaa mbele, kando yake. Leo analibeba na kulirudisha ndani, ingawa maana yake ni safari ya pili, na mafuta hayaokotwi.

Akiulizwa kwa nini asiliweke mbele kama siku zote, anatazama mlangoni, halafu anapandisha sauti kidogo ili isikike kule.

"Nitalirudia," anasema. "Kile kiti kina mwenyewe."