Bei Mpya ya Ndizi za Mama

Kwa mihula kadhaa mama yangu alipeleka ndizi na maharage kwenye shule ya bweni ya serikali, chini kidogo ya kwetu Uru. Ndizi zilitoka shambani kwake. Maharage aliyakopa kwa mkulima mmoja wa Kahe, na malipo ya shule yalipozidi kuchelewa, aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili amlipe. Hakulia. Alisema tu kwamba serikali hulipa ikikumbuka.

Kisha shule ikapata mhasibu mpya, dada wa rika langu. Muhula uliofuata, kabla mwezi haujaisha tangu apeleke mzigo, ujumbe wa benki kwamba hela imeingia ulifika kwenye simu ya mama.

"Twende tukaulize," aliniambia. "Isije ikawa ni hela ya mtu mwingine."

Tulimkuta mhasibu ofisini.

"Shikamoo mama," alisema. "Hela ni yako. Ulileta mzigo, tukapokea, tukalipa. Lile deni la zamani nalo ninalifuatilia."

Mama alikaa kwenye benchi, akausoma tena ule ujumbe wa benki. Nilidhani amefurahi. Sasa nadhani alikuwa anamfikiria yule ng'ombe.

Alipoomba zabuni tena, alishusha bei ya ndizi. Nilimuuliza kwa nini, maana hakuna aliyelalamika.

"Bei ile niliiongeza kwa ajili ya kusubiri malipo," alisema. "Sasa sisubiri."

Zabuni alipata, na deni la zamani lililipwa mwaka huohuo. Hadi leo anapeleka ndizi kwa bei hiyo ndogo, na maharage ananunua kwa hela taslimu, hajakopa tena.