Mkoba Uliofunguliwa Mlangoni

"Sasa huyu, bila bunduki, anamlinda nani?"

Shangazi aliniuliza hivyo nje ya stesheni ya Kenton, wiki yake ya kwanza London. Alikuwa akimtazama polisi aliyesimama karibu na kibanda cha maua, vidole gumba amevitia kwenye fulana yake nzito, akizungumza na muuzaji kama jirani. Nilikuwa bado shule ya msingi. Nimezaliwa huku, na polisi wenye bunduki nilikuwa nimewaona uwanja wa ndege tu. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba anamlinda kila mtu. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza bei akatajiwa rangi.

Mimi ndiye niliyekuwa mwuliza maswali pale nyumbani. Niliuliza kwa nini tunasali kabla ya kula na si baada, kwa nini wageni hawaambiwi ukweli kuhusu upishi wao. Swali la Shangazi lilinikera kwa sababu lilikuwa zuri na halikuwa langu.

Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, aliyetoka Nakuru kuja kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Alilala chumbani kwangu. Hadi leo nikisikia harufu ya dawa ya kuchua misuli namkumbuka akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akijipaka magotini baada ya zamu, huku redio yake ndogo ikinong'ona. Kuhusu mumewe nilikuwa nimeambiwa jambo moja: majambazi waliotaka gari walimpiga risasi langoni kwao, mwana wao akiwa shule ya bweni. Hakuna aliyelizungumzia zaidi ya hapo.

Shangazi alikuja na desturi moja ambayo London haikuweza kumtoa. Kule kwao huingii dukani kabla soja wa mlangoni hajakukagua. Basi kila Jumamosi, tukifika kwenye supamaketi, alisimama mlangoni, akafungua mkoba wake na kumwinulia mlinzi, kisha akanyoosha mikono pembeni. Watu nyuma yetu waligongana na vitoroli vyao. Mimi nilijifanya nasoma matangazo ya mikate.

Bahati ni kwamba mlinzi alikuwa Mkongomani wa Bukavu.

"Mama, hapa hatuangaliake mu sakosi ya watu," alimwambia mara ya kwanza, akimaanisha mkoba.

"Wewe angalia tu, nijue uko kazini."

Akachungulia. "Naona Biblia na ndizi."

"Ndizi ni yako."

Tangu hapo ukawa mchezo wao. Akikuta miwani, aliuliza kama ina leseni. Siku asipokuwepo, mlinzi mwingine alipotuashiria tupite tu, Shangazi aliingia akinung'unika kwamba duka limeachwa wazi kama choo cha sokoni. Nilipomuuliza kwa nini anaendelea ilhali hakuna anayemdai, alisema, "Mimi sitaki kujua wao wananidhania nini. Nataka wajue nimebeba nini." Nilikuwa na hoja tatu za kumpinga. Leo sizikumbuki hata moja, lakini mkono wake wenye mkoba naukumbuka.

Nikiwa karibu kumaliza sekondari, mwanawe alikuja kutoka Amerika. Alikwenda kusoma akabaki, akaoa, akapata mapacha. Alikuja kumchukua mama yake akaishi nao. Karatasi zilikuwa tayari, na Shangazi alikuwa amekwisha kuwashonea wale watoto vitambaa vya kulalia. Nilitaka abaki. Sikumwambia mtu, kwa sababu sikuwa na sababu nyingine ila kwamba nimezoea kulala nikisikia redio yake.

Jumamosi tukaenda dukani sote watatu. Shangazi akafungua mkoba, akanyoosha mikono, kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe."

Binamu yangu akacheka. Lakini kabla ya kuinua mikono, mkono wake wa kulia ulishuka kiunoni, ukapapasa chini ya shati, ukakuta mkanda tu. Ulifanya hivyo wenyewe, kama mtu anavyogusa mfuko kutafuta funguo. Shangazi aliuona. Mlinzi naye aliuona, na siku hiyo hakutania.

Kesho yake, baada ya kanisa, tukiwa kwenye chai, Shangazi akamuuliza waziwazi. Naye hakuficha. Ana bastola, anaivaa ndani ya nguo anapotoka, ana kibali, amepita mafunzo, amechukuliwa alama za vidole.

"Umewahi kuitoa?" nikamuuliza.

"Hapana, ashukuriwe Mungu."

"Sasa unajuaje kwamba inakusaidia?"

"Mkanda wa gari unaufunga. Umewahi kupata ajali?"

Baba akaingilia. "Huku watoto wanachomana visu, mjomba. Hebu fikiria hao hao wangekuwa na bastola."

"Mwenye kisu hakuomba ruhusa, mjomba. Sheria yenu imemfunga mikono yule anayetii tu."

"Na anayetii akikasirika?"

"Mimi nimekukasirikia mara ngapi? Uko mzima."

Tulicheka. Ulikuwa ubishi mzuri, wa kupokonyana mandazi. Nilihama upande mara mbili, nikimpinga kila aliyeelekea kushinda. Kisha binamu yangu akasema, kwa upole, bila nia ya kumuumiza mtu:

"Kama Baba angekuwa na kitu kiunoni siku ile pale langoni, leo tungekuwa tunamwongezea chai."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Baba yako mwache apumzike."

"Nasema tu, Mama."

"Nimesikia." Akafuta makombo mezani kwa kiganja, akayakusanya yote kabla ya kuendelea. "Nitakuja siku utakayokaa bila hicho kitu. Si kwenye droo, si kwenye kasha. Bila."

"Mama, sheria ya kule inaruhusu."

"Sijakataa sheria. Nimekataa nyumba."

"Unaniogopa?"

"Nakuogopea."

Binamu yangu aliondoka peke yake, na vile vitambaa kwenye begi. Nilifurahi, lakini usiku huo redio haikuwashwa.

Kwa miaka iliyofuata, simu zao za Jumapili zilianza namna moja. "Bado unacho?" "Bado, Mama." "Haya. Watoto wamekula nini?" Hakuwahi kupaza sauti. Wajukuu zake aliwajua kwa sauti tu: mmoja mwenye kigugumizi, mmoja anayekata simu. Nami nikaenda chuo kikuu, nikasoma hoja za pande zote mbili, nikaziona zote zina matundu, nikarudi likizo na kumsomea baadhi. Alisikiliza akijipaka dawa magotini. "Wote wanaongea kama watu ambao chai yao haijapoa," alisema.

Alipostaafu akachagua kurudi Nakuru. Tulimsindikiza uwanja wa ndege. Kwenye ukaguzi alifungua mkoba kabla hajaombwa, akanyoosha mikono, akatugeukia kwa mbali akitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mwishowe London ilikuwa imemkagua.

Baba hakuwasha gari upesi. Tulikuwa tumefika Hayes, njiani kurudi nyumbani, ndipo akaniambia, macho yakiwa barabarani, kitu ambacho Shangazi hakuwahi kumwambia mwanawe. Mumewe alikuwa na bastola, kiunoni, chini ya koti, na leseni yake mfukoni. Waliomsubiri langoni jioni ile hawakugusa gari, wala saa, wala pochi. Walichukua bastola wakaenda zao, ndiyo waliyoifuata.